Bendeji Si Dharau: Kuvunjika kwa Kifundo cha Mkono wa Mtoto



Hapana nyumba yenye watoto isiyojua kishindo cha kuanguka. Mtoto huteleza kwenye baiskeli au bembea, hutanguliza kiganja ili ajikinge, na uzito wote wa mwili humwelemea pale kifundoni. Hukimbizwa hospitali, hupigwa eksirei, na wazazi huambiwa kwamba mfupa umevunjika kidogo. Kisha, hapa Uingereza, hutokea jambo linalowashangaza wengi wetu: mtoto hatiwi ile plasta ngumu tuliyozoea kuiita hogo, wala hapangiwi siku ya kurudi. Hufungwa bendeji au banzi jepesi, akaambiwa aende nyumbani. Wapo wazazi wanaotoka wakinung'unika kwamba wamedharauliwa kwa ugeni wao. Ni vyema tueleze kwa nini, katika mvunjiko wa aina hii, hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mfupa wa mtoto nao ungali mbichi. Wa mtu mzima hukatika kama ukuni mkavu; wa mtoto, ukisukumwa kutoka nchani, hujikunja na kutoa kijivimbe bila ya kuachana. Mara nyingi ni ule mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo. Madaktari huuita mvunjiko huo torasi, neno la Kilatini lenye maana ya uvimbe. Utando mnene unaouzunguka mfupa huwa haukukatika, kwa hiyo mfupa hubaki mahali pake. Mwili huanza kujenga mfupa mchanga pale palipoumia, na baada ya wiki tatu hivi huwa pameunga. Kazi ya bendeji ni kumpunguzia mtoto maumivu tu.

Jambo hili limepimwa. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali 23 za Uingereza, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, uliwahusisha watoto 965 wa umri wa miaka 4 hadi 15. Baadhi yao walipewa bendeji, wengine wakafungwa banzi gumu. Siku tatu baadaye maumivu ya makundi yote mawili yalikuwa sawa, na katika wiki sita zilizofuata hapakuonekana tofauti katika kupona kwao.

Nyumbani, mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, na mwacheni avichezeshe vidole. Banzi la kufunguliwa huweza kuvuliwa anapooga au anapotia udhu. Kwa muda wa wiki tatu hivi, au kama alivyoagiza daktari, ajiepushe na mpira, bembea na michezo ya kusukumana. Wala asichuliwe kwa mafuta, wala asivutwe mkono kwa nia ya kuunyoosha. Hapana kilichoteguka cha kurudishwa. Kufanya hivyo ni kumtonesha bure.

Lakini si kila mvunjiko ni torasi. Upo ule ambao mfupa hupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, na upo unaogusa sehemu ya ncha ambako mfupa hukulia. Hiyo huenda ikahitaji plasta na kuangaliwa tena. Mrudisheni mtoto hospitali upesi mkono ukionekana umepinda, vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, au maumivu yakizidi ijapokuwa amekunywa dawa. Ikiwa wiki tatu zimepita na bado hautumii mkono wake, nako ni kumrudisha.

Basi msitoke chumbani mwa daktari kwa kuitikia tu. Ulizeni: huu ni mvunjiko wa aina gani, na akae na banzi kwa muda gani? Kiingereza kikiwa kizito, ombeni mkalimani. Hospitali za serikali hapa humleta bila ya malipo. Mzazi aliyepata majibu hayo ataweza kumwuguza mwanawe kwa utulivu.