Kwa Nini Tairi Hupasuka?

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora na kupita Sikonge, barabara moja yaenda Mpanda, nyingine yaenda Rungwa. Zamani mizigo ya Unyamwezi ilichukuliwa mabegani na wapagazi. Leo tumbaku, asali na watu husafiri kwa magari na baiskeli. Uzito wote huo hubebwa na tairi.

Tairi si mpira mtupu. Lina matabaka. Pana mpira, kisha nyuzi ngumu, kisha mpira tena. Matairi mengi ya magari yana pia waya za chuma. Matabaka hayo yameshikana. Yakiachana, tairi limekufa, hata kama kwa nje laonekana zima.

Ni nini kinachoyaachanisha? Ni joto, na mzigo unaokuja kwa ghafla.

Wafuga nyuki wanaijua nta. Asubuhi ya baridi, ukiigonga kwa nyundo huvunjika. Ukiishika mkononi na kuikandamiza polepole, hupinda. Ukiiweka juani hulainika, haina nguvu tena. Mpira si nta, lakini nao hubadilika kwa joto na kwa pigo.

Tairi lenye mzigo hubonyea pale linapogusa ardhi. Likizunguka, hubonyea na kuinuka, tena na tena. Jambo hili huleta joto. Kunja waya huku na huku mara nyingi, kisha gusa ulipokunja. Pana moto! Upepo ukiwa mdogo, au mzigo ukizidi, tairi hubonyea zaidi. Gari likikimbia, joto huingia upesi kuliko linavyotoka. Matabaka hulegea. Ufa huanza ndani, usipoonekana.

Je, shimo la barabarani? Ukilipita polepole, tairi hupinda na kurudi. Ukiliingia kwa kasi, uzito wote huja kwa pigo moja. Nyuzi hubanwa kwenye chuma cha gurudumu, zikakatika.

Basi, tufanye hivi:

1. Tupime upepo asubuhi, tairi likiwa baridi.
2. Tusitoe upepo tairi likiwa na moto. Likipoa, upepo utapungua mno.
3. Tusizidishe mzigo.
4. Tupunguze mwendo penye mashimo.
5. Tairi likiwa na uvimbe ubavuni, liondolewe.

Nawe abiria, ukiuona uvimbe huo, mwambie dereva kabla ya kuondoka. Njiani tairi halitoi taarifa.

Maswali

1. Matabaka ya tairi ni ya vitu gani?
2. Kwa nini upepo mdogo huleta joto?
3. Utafanya nini ukiona tairi lina uvimbe?