Shina "Hama" na Maisha ya Wamasai Mpakani

Katika maandishi mengi ya Kiswahili juu ya Wamasai, maisha yao huelezwa kwa kitenzi "kuhamahama". Yafaa kitenzi hicho kichunguzwe. Kurudufu shina katika Kiswahili mara nyingi huleta maana ya tendo linalorudiwa bila ya shabaha, kama ilivyo katika "kutangatanga" na "kuzungukazunguka". Kwa hiyo asiyeijua nchi ya Serengeti na Mara, akilisikia neno hilo, atadhani kuwa mfugaji hufuata tu ng'ombe wake waendako. Mambo yalivyo ni kinyume cha hayo.

Nchi yenyewe imekatwa na mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka pwani, karibu na mto Umba, hadi Ziwa Viktoria, ukipinda na kuuacha mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Mstari huo ulipita kati ya mafungu ya Wamasai, ambayo katika Kimasai huitwa iloshon, na moja ni olosho. Iloitai wako Kenya katika vilima vya Loita, na wako Tanzania huko Loliondo. Ilkisongo nao wako Amboseli kwa upande wa kaskazini, na Longido na Monduli kwa upande wa kusini. Undugu, ndoa na rika huvuka mpaka huo, na mifugo kadhalika, pale ukame unapobana upande mmoja.

Mwendo wa mifugo una utaratibu wake. Baina ya Januari na Machi nyumbu, ambao idadi yao yapita milioni moja, huzaa katika nyanda za kusini mwa Serengeti na karibu na Ngorongoro. Ndama wao hubeba virusi ambavyo haviwadhuru wenyewe, lakini huua ng'ombe. Basi mfugaji huyaacha majani ya nyanda hizo wakati yalipo mazuri kabisa, akapandisha ng'ombe wake milimani. Kiangazi vijana huenda mbali na mifugo na kukaa katika kambi za muda ziitwazo ronjo. Karibu na boma hutengwa malisho ya ndama na wanyama wagonjwa, yaitwayo olopololi. Na wazee wa kila eneo, yaani enkutoto, ndio waamuao lini malisho yafungwe na lini yafunguliwe. Hapana jambo hapa lifanywalo ovyo.

Juu ya mpaka wa mataifa imekuja mipaka ya hifadhi. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Kwa sheria ya 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo, na Wamasai waliokuwa wakikaa Serengeti wakahamishiwa Ngorongoro na Loliondo. Mara ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1961, na Amboseli hifadhi ya taifa mwaka 1974. Toka 1977 hadi 1983 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kabisa. Mwezi Juni 2022 zikawekwa alama za kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, jambo lililoleta mgogoro mkubwa na wafugaji wa huko. Kila mstari umeondoa sehemu moja ya mzunguko, ama milima, ama maji, ama malisho ya kiangazi. Na mzunguko uliokatwa mahali pamoja hudhoofika wote.

Nyumbu, kwa upande wao, wameachwa wavuke Serengeti na Mara kila mwaka bila ya kizuizi. Mwendo wao huitwa "kuhama", na watu hutoka nchi za mbali kuja kuutazama. Mwendo wa mfugaji, uliopangwa kwa kuwapisha nyumbu hao hao, huitwa "kuhamahama", na sera na hotuba humtaka auache. Tofauti hiyo si ya sarufi peke yake. Asemwaye kuwa anahamahama huhesabiwa kuwa hana kwao. Na asiye na kwao akiondoshwa, ni vigumu kwa wengine kuona kwamba amehamishwa. Kwa hiyo waandishi wa Kiswahili wangefanya vema kurejea kwenye shina lenyewe, na kusema kuwa mfugaji wa mpakani huhama kwa majira, kisha hurejea.