Kabla Hujalipia Kupandikiza Mimba

Mwanamke aliyeambiwa ana PCOS, hitilafu ya homoni inayozuia mayai kupevuka, naye anatafuta mtoto hutoka kliniki na orodha ndefu: ultrasaundi, homoni zote, dawa, na chini kabisa, IVF, yaani kupandikiza mimba. Bei hutofautiana hospitali hadi hospitali, lakini kwa wengi wenye tatizo hili, cha kuanza nacho ndicho pia cha gharama ndogo.

Pesa huanza kuvuja kwenye vipimo. Kwa vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003, mtu mzima huhesabiwa ana PCOS akiwa na mawili kati ya matatu: hedhi inayoruka, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Basi anayepata hedhi kila baada ya miezi mitatu na anaota ndevu kidevuni hahitaji picha ili ajulikane. Afadhali pesa hiyo ipime tezi ya shingo na prolaktini, maana hitilafu za huko huleta dalili zinazofanana. Ultrasaundi ya kufuatilia yai mwezi wa matibabu ina kazi yake. Ya kwenda kuangalia kama "vivimbe vimeisha" ni kumchangia mwenye mashine tu. Vile ni vifuko vya mayai yasiyopevuka, si uvimbe wa kuyeyushwa.

Mume naye apime mbegu kabla mke hajameza kidonge cha kwanza. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, na ndicho kinachocheleweshwa kuliko vyote. Kwa nini, sote tunajua.

Kwenye dawa, ushindani ni kati ya klomifeni, ambayo wengi wanaiita Clomid, na letrozoli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata wanawake 750 wenye PCOS kwa mizunguko isiyozidi mitano: waliojifungua mtoto hai kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 nao umeitanguliza letrozoli. Humezwa siku tano tu, mara nyingi kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Ukifungua boksi utakuta karatasi inazungumzia saratani ya matiti. Usishtuke, ndiyo kazi iliyotengenezewa. Ila isimezwe bila daktari, na kwanza hakikisha huna mimba tayari.

Metfomini, kidonge kilekile cha kisukari, ni rahisi na husaidia hedhi kurudi kwenye mpangilio, lakini ikiwa peke yake haifikii letrozoli katika kuleta mimba. Wiki za mwanzo tumbo huchafuka, hivyo imeze pamoja na chakula.

Halafu kuna chupa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwa simu, dozi juu ya dozi. Mwulize muuzaji kilichomo ndani na risiti iko wapi. Jibu lake litakuokolea nauli.

Vidonge vikishindwa, hufuata sindano za kupevusha mayai au upasuaji mdogo wa ovari kwa matundu. Sindano ni ghali na huhitaji ufuatiliaji wa karibu, la sivyo mapacha watatu si mzaha. IVF ni ya mwisho kwa wengi, isipokuwa mirija imeziba au mbegu ni chache mno. Nairobi mzunguko mmoja hufika laki kadhaa za shilingi za Kenya, na usiposhika unalipa upya. Uliza kama bei ina dawa na uhifadhi wa viinitete, na watazuiaje ovari kuvimba kupita kiasi, maana wenye PCOS ndio walio hatarini zaidi.

Mimba ikishika, bajeti haijafungwa. Hatari ya kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu iko juu. Pima sukari kwa kunywa glukosi mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28, na presha kila kliniki. Ukiambiwa umeze metfomini ili tu kuzuia kisukari cha mimba, uliza sababu. Tafiti kwa wenye PCOS hazijaonyesha kwamba inakizuia.