Kuvuta kamba kwa gharama ya mwajiri

Pita Jumamosi kwenye hoteli za ufukweni Bagamoyo, au kando ya Ziwa Naivasha, na hutakosa kundi la watu wazima waliovaa fulana za rangi moja wakivutana kwa kamba, mshereheshaji akiwachagiza kwa kipaza sauti. Ni watu wa benki, wa kampuni ya simu, wa taasisi ya umma. Mwajiri amelipia basi, chakula, fulana, muziki na mwezeshaji, mara nyingi kwa bei ya kila kichwa. Anachotarajia ni kwamba Jumatatu watarudi kazini wakiwa kitu kimoja.

Asili ya biashara hii ya ujenzi wa timu ni baharini. Mwaka 1941, Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler, alishirikiana na Lawrence Holt wa kampuni ya meli ya Blue Funnel kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili kuwakomaza mabaharia vijana wakati wa vita. Katika miaka ya 1950 shule ya aina hiyo ilikuwa tayari Loitokitok, Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Lakini kozi za Hahn zilichukua wiki kadhaa. Za leo huanza baada ya chai ya saa nne na kumalizika kabla muziki haujafunguliwa.

Mchezo wenyewe unaopendwa mno, kamba, una historia ndefu maabarani. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta na kuandika mwaka 1913 kwamba kadiri kundi lilivyokuwa kubwa, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Je, ni kwa sababu walikuwa wakikanyagana? Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake wa Marekani waliwafunga watu macho na kuwaweka mbele ya wenzao waliojifanya wanavuta. Mvutaji halisi alikuwa mmoja tu, na bado alilegeza mkono. Kila ofisi inaijua kamati ya watu tisa ambayo ripoti yake huandikwa na mmoja. Kamba haimfichui mtegeaji. Inampa mahali pa kujificha.

Mashindano nayo yana hatari yake. Mwaka 1954, katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili yaliyoshindana, kamba ikiwemo. Haikuchukua muda wakachomeana bendera. Kula pamoja na kutazama filamu pamoja hakukuwapatanisha. Kilichosaidia ni shida za pamoja: maji yalipokatika, na lori la chakula lilipogoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ileile waliyoshindania. Wapo waliomkosoa Sherif kwa kuchochea mambo, na wana hoja. Hata hivyo, meneja anayepanga Mauzo dhidi ya Uhasibu, huku idara hizo tayari haziivi, angefikiri mara mbili.

Je, fedha inapotea bure? Hapana. Mwaka 2009 mtafiti Cameron Klein na wenzake walijumlisha tafiti nyingi za ujenzi wa timu na kukuta kwamba zinasaidia, hasa zile zinazowafanya watu wakubaliane malengo na kubainisha nani anafanya nini. Hiyo ndiyo sehemu inayokatwa kwanza ratiba ikichelewa. Na hata ikibaki, haifanyi kazi pale bosi anapokaa mstari wa mbele akisubiri kusifiwa. Nani atasema kweli mbele yake?

Tatizo liko kwenye mkataba. Mwandaaji anayelipwa kwa kichwa anatafuta umati. Afisa rasilimali watu anayekimbizana na bajeti ya mwisho wa mwaka anatafuta picha za kuweka kwenye ripoti. Hakuna kati yao anayelipwa kwa kilichobadilika miezi mitatu baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, mwulize mwandaaji: atazungumza na wafanyakazi kabla ya safari? Ametenga saa ngapi za kujadili kazi baada ya michezo? Atarudi lini kukagua walichokubaliana? Akianza kukuonyesha fulana, tafuta mwingine. Na kama manung'uniko ya ofisini ni mishahara inayochelewa, hela ya basi ilipe mishahara kwanza.