Maji ya Kariakoo huanzia mlimani

Wiki hii naomba tuanze na dumu la njano, lile linalosukumwa kwa mkokoteni katika mitaa ya Kariakoo bomba linapokauka. Oktoba 2022 madumu hayo yalizagaa kila kona. Mvua zilikuwa haba, Mto Ruvu ukapungua, na uzalishaji wa maji ya jiji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Ukaja mgawo.

Wengi tulililaumu bomba. Lakini bomba haliwezi kutoa kisichokuwemo mtoni. Maji yetu mengi hutoka Ruvu, kwa mitambo miwili: Ruvu Juu, wa mwaka 1959, na Ruvu Chini, wa 1976. Na Ruvu huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Utaniuliza: kwa nini tusichimbe visima hapa hapa? Vipo, na vilitusaidia. Lakini Kariakoo imefunikwa na maghorofa na saruji. Mvua hukimbilia mifereji, haizami ardhini. Vyoo vya shimo huchafua maji ya chini, na ukivuta mno karibu na pwani, maji ya bahari huingia kisimani. Kisima ni akiba, si tegemeo.

Turudi mlimani. Ardhi yenye msitu hunywa mvua na kuitoa polepole hadi kiangazi. Mteremko ukifyekwa na kulimwa bila kinga, mvua huporomoka na udongo wake: masika mto ni tope, kiangazi ni mchanga. Tope hilo hilo hujaza hata mabwawa.

Wakoloni walilijua hilo, wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta. Kazi ilikuwa nzito, faida hawakuiona, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine: wakulima walilipwa kwa kutunza ardhi, na Dawasco, kampuni iliyokuwa ikisambaza maji jijini, ikachangia.

Njia hiyo ya pili ndiyo ninayoiunga mkono. Mkulima wa Uluguru ana watoto wa kulisha, sawa na mchuuzi wa Kariakoo. Hatuwezi kumwamuru aache kulima ili sisi tuoge. Tukiyataka maji, tuchangie gharama ya kuyatunza kule yanakoanzia.