Kupima Metali, Kupima Mwandishi: Funzo la Mimea ya Vilima vya Shaba vya Lualaba

1. Utangulizi

Swali la nani ahesabiwe kuwa mwandishi wa kazi ya kitaalamu limezoeleka kujadiliwa na wanafasihi na wanaisimu. Hata hivyo, wanakemia nao linawahusu, na pengine linawasumbua zaidi, kwa kuwa makala ya kemia huandikwa na mtu mmoja kwa nadra sana. Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi metali inavyoshikwa na kupimwa, na jinsi mchango wa mtafiti unavyohesabiwa. Mfano uliochaguliwa ni utafiti wa shaba na kobalti katika jimbo la Lualaba na ukanda mzima wa shaba, ambamo umo mji wa Kolwezi wenye komuni zake mbili, Manika na Dilala. Hoja kuu ni kwamba kosa lililowahi kufanyika katika kupima metali ndani ya mimea ya ukanda huo lina ndugu yake katika kupima uandishi.

2. Metali na vishikaji vyake

Atomu ya metali iliyopoteza elektroni huitwa ioni. Ioni ya shaba au ya kobalti haikai peke yake majini. Huzungukwa na molekuli nyingine zenye jozi za elektroni za kuiazima, nazo huishika kama vidole vinavyoshika jiwe. Kishikaji cha namna hiyo huitwa ligandi. Tawi la elimu linalochunguza mshikamano huo ndilo kemia ya uratibu wa metali.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1893 na Alfred Werner, aliyefundisha Zürich nchini Uswisi. Werner alitumia sana kobalti, metali ileile ambayo Lualaba inajulikana kwayo leo duniani kote. Alionyesha kwamba ioni ya kobalti inaweza kuzungukwa na molekuli 6 za amonia, kila moja ikiwa na mahali pake maalumu. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Elimu hiyo haikubaki vitabuni. Katika viwanda vya Lualaba, shaba iliyoyeyushwa kwa asidi hutenganishwa na metali nyingine kwa ligandi zinazoichagua shaba na kuiacha kobalti ipite. Mimea nayo hufanya kazi ya jinsi hiyo: asidi ya sitriki na kemikali nyingine za ndani ya seli huweza kuishika metali isilete madhara.

3. Kosa la vumbi

Vilima vyenye shaba katika Katanga ya zamani hutambulikana kwa kukosa miti mikubwa na kwa kuwa na mimea yake ya pekee. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, unaojulikana kwa jina la ua la shaba. Mwingine ni Crotalaria cobalticola, ambao jina lake lenyewe linataja kobalti. Mwaka 1982 G. de Plaen, François Malaisse na Robert Brooks walieleza jinsi maua ya shaba yanavyosaidia kutafuta madini na hata kugundua mahali palipoyeyushiwa shaba zamani.

Baadhi ya mimea hiyo ilisemekana kukusanya metali kupita kiasi. Kipimo kilichotumika kwa muda mrefu kilikuwa miligramu 1000 za shaba au kobalti katika kilo 1 ya majani makavu, ilhali jani la kawaida huwa na miligramu chache tu za shaba. Tarakimu kubwa zilichapishwa, zikatajwa na wengine, na orodha ya mimea ikarefuka.

Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha na Pierre Meerts walichapisha utafiti uliouliza swali dogo: je, majani yalioshwa vema kabla ya kupimwa? Katika vilima hivyo udongo wenyewe umejaa shaba. Upepo huupeperusha na mvua huurusha juu ya majani. Ilidhihirika kwamba sehemu ya metali iliyohesabiwa kuwa ya mmea ilikuwa vumbi lililoganda juu yake, na kwamba tarakimu kadhaa za zamani zilizidi ukweli. Si kwamba mimea hiyo haifyonzi metali. Huifyonza, na mingine huifyonza kwa wingi. Kosa lilikuwa kuchanganya kilichopitia mizizini na kilichotua juu ya jani.

4. Hesabu ya uandishi

Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa ya marejeleo ya sayansi, iliyowezesha kujua ni makala gani yametajwa na makala gani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa kipimo cha h. Hesabu yake ni nyepesi. Mtafiti mwenye makala 5 yaliyotajwa mara 50, 12, 5, 4 na 2 ana h ya 4, kwa sababu ana makala 4 ambayo kila moja limetajwa angalau mara 4. Aliyeandika makala 1 pekee lililotajwa mara 500 ana h ya 1.

Kipimo hiki kina faida: hakimtukuzi mtu kwa wingi wa makala yasiyosomwa. Lakini kina udhaifu unaohusu mada hii. Makala lenye waandishi 8 huhesabiwa zima kwa kila mmoja wao. Aliyebuni swali, aliyepanda kilima na kuchuma majani, aliyepima, aliyeandika, na mkuu aliyetiwa jina kwa heshima ya cheo chake, wote hupata kiasi kilekile. Jina la heshima ni vumbi juu ya jani: linaongeza tarakimu bila kupitia mizizini.

Kuna pia kosa la kinyume, ambalo ni zito zaidi: mizizi isiyohesabiwa kabisa. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alichunguza madini ya Katanga mwaka 1892, na madini ya kornetaiti yakapewa jina lake. Lakini wenyeji walikuwa wakichimba malakaiti na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla yake. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Lualaba, ni ushahidi. Majina ya mafundi hao hayamo katika faharasa yoyote. Hata leo, anayemwongoza mtafiti hadi kilima chenye ua la shaba kwa kawaida hushukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni mwa makala, na kipimo cha h hakisomi shukrani.

5. Maneno na mambo

Lugha inatoa mwanga hapa. Neno mwandishi latokana na kuandika, nalo huelekeza macho kwenye mkono ulioshika kalamu. Mtunzi latokana na kutunga, kitendo cha kupitisha shanga katika uzi mmoja. Anayetunga si lazima awe ndiye aliyezitengeneza shanga. Katika makala ya kemia, kalamu ni sehemu ndogo ya kazi. Mwaka 1911, Werner na mwanafunzi wake Mmarekani Victor King walifaulu kuzitenganisha aina mbili za kompleksi ya kobalti ambazo ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, ushahidi mkubwa wa nadharia ya mwalimu. Mwingereza Edith Humphrey alikuwa ameshatengeneza kompleksi za kobalti katika maabara hiyohiyo na kupata udaktari wake mwaka 1901. Tuzo ya 1913 ilibeba jina moja.

Wanabotania wana desturi inayofaa kuigwa. Jina kamili la ua la shaba huandikwa Haumaniastrum katangense (S. Moore) Duvign. & Plancke. Mabano yanaeleza kwamba Moore ndiye aliyeupa mmea jina la kitaalamu kwanza. Duvigneaud na Plancke ndio waliouhamishia katika jenasi ya sasa. Msomaji anaona mara moja nani alifanya nini. Tangu katikati ya miaka ya 2010, majarida mengi ya sayansi yametumia utaratibu wa aina hiyo unaoitwa CRediT, wenye majukumu 14, kama vile kubuni wazo, kukusanya data, kuchanganua na kuandika rasimu, na kila mwandishi hutajwa kwa jukumu lake.

6. Hitimisho

Faucon na wenzake hawakuitupa mizani. Waliosha majani kwanza, kisha wakapima. Ndivyo inavyofaa kufanywa kwa kipimo cha h na ndugu zake. Kamati inayompandisha cheo asistanti ingeweza kudai, pamoja na orodha ya makala, maelezo mafupi ya kazi aliyoifanya katika kila moja. Mtafiti mgeni anayekuja kuchuma majani kandokando ya Kolwezi angeweza kukubaliana na wenyeji wake mapema, kabla ya kupanda kilima, ni mchango gani utakaomfanya mtu awe mwandishi na upi utakaotajwa kwa namna nyingine. Pasipo hayo, tarakimu zitaendelea kuwa kubwa, na haitajulikana ni kiasi gani ni metali na ni kiasi gani ni vumbi.