Mkono wa Dola Kubwa Mlangoni mwa Garissa

Dola kubwa haitawali kwa mizinga peke yake. Wahenga walinena, mkono mtupu haulambwi. Na dola ijuayo siasa huanza kwa kutoa. Jambo hili wakazi wa Garissa wanalifahamu kuliko wanazuoni wengi.

Nilipozuru Dadaab niliona milango ya vibanda iliyoundwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia, yaliyopasuliwa na kubondwa yakawa mabati. Juu yake zasomeka herufi tatu: USA. Balozi gani angeweza kuitundika bendera yake karibu na maskini kuliko hapo?

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka 1991. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa njaa, 2011, zikapita 400,000. Agosti 1992 sisi wa Mombasa tulishuhudia ndege za kijeshi za Marekani zikiruka kutoka uwanja wetu, shehena yao chakula cha Wasomali.

Shirika la USAID lilianzishwa mwaka 1961, enzi ya Rais John F. Kennedy. Halikuwa huruma tupu: Marekani haikutaka mataifa maskini yavutwe na Urusi. Walakini mwenye njaa haulizi nia ya mpishi.

Mkono wa pili ulikuwa kufungua mlango. Maelfu ya wakimbizi walipelekwa kuishi Marekani. Ilhan Omar, aliyekaa utotoni katika kambi ya wakimbizi humu Kenya, alichaguliwa mbunge huko mwaka 2018. Habari moja kama hiyo huisifia jamhuri kuliko hotuba mia.

Sasa tazama, msomaji. Januari 2017 Rais Donald Trump aliwafungia Wasomali mlango. Ukafunguliwa 2021, ukafungwa tena Juni 2025. Tarehe 20 Januari 2025 alisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai kazi ya USAID ikakoma. Mwezi Juni Shirika la Chakula Duniani lilikuwa limekwisha punguza posho ya wakimbizi wa Kenya hadi asilimia 28 ya mgao kamili.

Uliobaki ni mkono wa tatu, wa askari. Wamarekani wana kambi Manda Bay, Lamu, ambako al-Shabaab waliwaua watatu wao tarehe 5 Januari 2020. Mwaka 2024 Kenya ilipewa cheo cha mshirika mkuu nje ya NATO. Sibezi silaha: Garissa haijawasahau watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu chake tarehe 2 Aprili 2015. Lakini bunduki hulinda njia tu. Haimfanyi mtu akuamini.

Naam, fedha za Mmarekani ni zake, naye hana deni kwetu. Na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndiyo maana Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Kenya Machi 2025 ili wakimbizi wajitegemee pamoja na wenyeji, usiachwe ukawa karatasi tupu.

Hata hivyo, chuoni tulifunzwa kuwa sadaka ina adabu zake. Aliyekulisha miaka 30 akitaka kuacha, hukupa muda utafute jembe. Anayetaka kuongoza dunia hana budi kujua kutoa, na kujua namna ya kuacha kutoa. Marekani ilijifunza la kwanza. Kuhusu la pili, hukumu itatolewa na watoto wa Ifo watakapokuwa watu wazima.